Feni ya bafuni kwenye nyumba ya mawe: hewa iingie wapi, itokee wapi

Kila ifikapo Juni, Arusha ikishaingia kwenye ubaridi wake na Meru umejifunika wingu tangu alfajiri, mafundi hupigiwa simu za aina moja. Ukuta wa bafu umelowa. Rangi inabanduka. Kwenye kona ya juu, karibu na dari, kuna madoa meusi yanayofutwa leo na kurudi baada ya muda mfupi. Mwenye nyumba naye ana jibu lake tayari: bomba linavuja ndani ya ukuta, au mawe haya ya zamani yanatoa jasho, au jirani wa upande wa juu amechimba shimo la maji taka karibu mno. Wengine wameshafunga feni ya kuvuta hewa, ile inayonyonya hewa ya ndani na kuitupa nje, tena ya bei, na madoa yako palepale. Hao ndio wanaolalamika kuliko wote, na wana haki.

Feni yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni njia: hewa mpya ipate pa kuingilia, na ile yenye mvuke ipate pa kutokea mpaka nje kabisa ya nyumba. Kwenye nyumba ya tofali za bloku unaweza kukosea hapa na pale ukaponea. Kwenye nyumba ya mawe yenye ukuta wa karibu nusu mita, makosa hayo hujitokeza msimu wa kwanza wa baridi.

Tuanze na maji yenyewe. Hewa hubeba maji yasiyoonekana, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25, ikishiba kabisa, ina karibu gramu 23 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 15, uwezo huo unashuka hadi karibu gramu 13. Gramu kumi zilizobaki hazina pa kukaa, hivyo zinatua kwenye kitu chochote cha baridi kilicho karibu. Ndiyo maana ukitoa soda kwenye friji na kuiweka mezani chupa inalowa kwa nje, na hakuna anayesema chupa inavuja.

Sasa chukua bafu la mita mbili kwa mbili na nusu, dari ikiwa mita 2.7. Ndani yake mna hewa mita za ujazo kumi na tatu na nusu. Mtu mmoja akioga maji ya moto mlango umefungwa, hewa hiyo ikashiba kisha ikapoa, itaangusha zaidi ya gramu 130 za maji. Hapo hatujahesabu maji yaliyorukia ukutani, ya sakafuni wala ya kwenye taulo. Ongeza sasa familia nzima inayojiandaa kwenda kazini na shuleni kabla ya saa moja asubuhi.

Ukuta wa mawe ni mzito, na kitu kizito hakibadiliki joto upesi. Usiku wa Julai Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na ukuta uliopoa usiku kucha hubaki na baridi yake hata watu wakiwa wameshavua masweta. Kwa hiyo hata anayeoga saa nne asubuhi, jua likiwa limeshatoka, mvuke wake unatua ukutani vilevile. Moshi mjini iko chini kwa takriban mita 500 na baridi yake si kali namna hiyo. Lakini tangu masika hadi Julai wingu la mlima huweza kukaa siku nzima, na zile nyumba za mtaa wa Shanty Town zilizofunikwa na miti mikubwa hazipati jua la kutosha ukutani. Jasho linalosemwa la mawe ni maji ya hewa ya bafuni yaliyotua kwenye jiwe baridi.

Hata hivyo, si kila unyevu ni wa mvuke, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia chini: plasta inavimba kwenye mita ya kwanza kutoka sakafuni na mara nyingi inaacha unga mweupe wa chumvi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo hilo si la ajabu. Unyevu wa bomba au wa mvua huacha doa lenye mpaka, linalokua mvua ikinyesha au maji yakifunguliwa. Unyevu wa mvuke hupenda juu na mafichoni, yaani kona za dari, kandokando ya fremu ya dirisha, nyuma ya kabati la kioo.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Chukua kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama ya kuoka, ukibandike kwenye ukuta uliofutwa vizuri, selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta maji juu ya karatasi, yametoka hewani. Ukikuta maji chini yake, yametoka ndani ya ukuta, na hapo hata feni tatu hazitakusaidia. Anza na gata, mfereji wa nje na fundi bomba. Ukikuta pande zote mbili, pole, una kazi mbili.

Babu aliishi humu bila feni

Hili husemwa sana, hasa kwenye nyumba za urithi, na linastahili jibu la kweli. Nyumba za mawe za zamani, ziwe za misheni kule Machame na Old Moshi, za maofisa wa kikoloni au za wafanyabiashara wa mjini, kwa kawaida zilijengwa zikiwa na upenyo kila mahali. Chini ya dari kulikuwa na matundu ya hewa yasiyofungika. Madirisha yalikuwa ya mbao, baadaye yakaja ya luva, vile vipande vya kioo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine ambavyo hata ukivifunga sana upepo unapita. Dari ilikuwa ya mbao zenye nyufa. Na zaidi ya yote, watu wengi walioga maji ya ndoo, mara nyingi kwenye bafu la uani.

Kisha ukaja ukarabati. Luva zikang'olewa, yakawekwa madirisha ya alumini ya kusukuma yenye brashi na mpira. Matundu ya juu yakazibwa kwa sababu ya mbu na baridi. Dari ikawa jipsam. Kuta zikapigwa plasta ya saruji, vigae na rangi ya plastiki. Kachumba kaliokuwa stoo kakageuzwa bafu la ndani, kakafungwa shawa ya umeme. Ukiangalia moja moja, hakuna hata hatua moja ya kumlaumu mtu. Ukizijumlisha, chumba kimepewa mvuke mwingi kuliko kilivyowahi kupata, siku ileile kilipozibwa pua.

Wapo wanaosema jiwe linapumua lenyewe. Kuna ukweli kidogo hapo. Ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo na kupakwa chokaa hufyonza unyevu na kuutoa polepole, na hiyo ni sifa nzuri ya kulindwa. Lakini polepole ndilo neno la kushika. Hauwezi kumeza mvuke wa asubuhi moja ya watu watano na kuumaliza kabla ya kesho yake. Ukishaupaka rangi ya plastiki, hata huko kufyonza kidogo umekuzuia.

Na dirisha? Dirisha likifunguliwa linasaidia, sibishi. Ila sijui ni wangapi wanaolifungua saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba wakiwa wamelowa. Pia upepo ukiwa unaingilia dirisha hilo, unausukuma mvuke chumbani badala ya kuutoa.

Hoja nyingine ambayo hata mafundi wazoefu huitoa ni kwamba wakati wa mvua feni itavuta unyevu wa nje na kuuleta ndani. Rudi kwenye zile gramu. Hewa ya nje yenye nyuzi 13, hata iwe imeshiba mvua, ina kama gramu 11 tu kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 20, ambako uwezo wake ni gramu 17, inakuwa na nafasi ya kubeba mvuke zaidi. Kwa hiyo siku ya mvua ya baridi feni bado inakausha. Inapungukiwa nguvu siku za joto lenye mvua, kama Moshi mwezi wa Novemba, kwa sababu hewa ya nje nayo imejaa. Hata hapo inakuwa na kazi ya kufanya: hewa ya bafu baada ya shawa ya moto imebeba zaidi ya ile ya nje.

Pa kuingilia

Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii. Ukiwa na dirisha la alumini lililobana na mlango mpya wa mbao uliogusa kigae, feni itanguruma tu bila kutoa kitu cha maana. Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau: kata mlango kwa chini, upate uwazi wa milimita 10 kutoka kwenye kigae kilichokamilika, upana wote wa mlango. Asiyetaka kukata aweke kidirisha cha luva sehemu ya chini ya mlango. Kujua kama hewa inapita, washa feni, funga mlango, kisha sogeza kipande cha karatasi ya chooni kwenye feni. Kikishikwa na kutulia hapo, hewa inatoka. Kikidondoka, fungua mlango ujaribu tena. Kikishikwa mlango ukiwa wazi tu, tatizo lako liko mlangoni.

Pa kutokea

"Mama, hii tunatoboa dari tu, hewa itajipotelea huko juu." Sentensi hii imeharibu mapaa mengi. Juu ya dari kuna kenchi na papi za mbao, na juu yake bati ambalo usiku ni la baridi kuliko ukuta wowote. Mvuke unaomwagwa humo unatua chini ya bati, unadondokea kwenye jipsam, na mwenye nyumba anaanza kutafuta tobo la bati mwezi wa Julai wakati mvua yenyewe haijanyesha. Mbao nazo zinaanza kuoza bila mtu kuona. Feni ikiwekwa darini, lazima iwe na bomba lililofungwa vizuri kutoka kwenye feni hadi nje, iwe chini ya paa linapochomoza nje ya ukuta au juu ya bati lenyewe. Kama bomba ni lile la kukunjamana, livutwe likanyooka, kwa sababu kila mkunjo unaipunguzia feni nguvu, na bonde lolote kwenye bomba linageuka kidimbwi. Sehemu inayopita darini ivikwe sufi ya kuzuia baridi ili mvuke usigeuke maji humohumo na kurudi kudondokea vichwa vya watu.

Njia ya dirishani ni nafuu. Unatoa kioo kimoja, unaweka bamba la alumini au mbao ngumu lenye tundu, feni inakaa hapo. Haipendezi sana, na kwenye dirisha la kusukuma upande mmoja hautafunguka tena. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, mara nyingi ndilo chaguo lililobaki.

Njia ya ukutani ndiyo bora, na ndiyo inayotaka akili. Ukuta wa zamani wa mawe kwa kawaida si jiwe moja kutoka ndani hadi nje. Ni kuta mbili: mawe yaliyopangwa upande wa nje, mawe yaliyopangwa upande wa ndani, na katikati vifusi, kokoto na udongo au chokaa. Fundi akiingia na tindo na nyundo akitaka tobo la inchi nne, anaanza kwa kulegeza jiwe ambalo halikupangwa kutoka, na vifusi vya katikati vinaanza kumwagika. Tobo la inchi nne linaishia kuwa la ukubwa wa ndoo, kisha linazibwa kwa saruji, na kila mtu anashangaa ufa ulioanzia hapo kupanda juu.

Atafutwe mwenye mashine ya kutoboa yenye kikombe cha meno ya almasi. Kwanza apitishe tundu jembamba moja kwa moja hadi nje, lioneshe kama upande wa pili ni salama na kama katikati kuna vifusi vilivyolegea. Kisha atoboe kutoka ndani nusu, na kutoka nje nusu, akifuata tundu hilo, ili jiwe la upande wa mwisho lisipasuke likitoka. Maji ya kupozea mashine yawe kidogo sana au yasiwepo kabisa, kwa kuwa ukuta wa udongo ukinyweshwa maji mengi udongo unayeyuka. Tobo likae mbali na kona, na mbali na mawe yanayobeba linta ya dirisha au ncha za kenchi. Jiwe jeusi la volkano huku kwetu ni gumu, kwa hiyo asikimbizwe. Mashine iliyolazimishwa huyumba, na tobo nalo linapinda.

Baada ya hapo ndipo penye kosa ambalo halionekani kwa macho. Feni nyingi hufungwa kwenye tobo tupu: feni ndani, kifuniko nje, katikati hakuna kitu. Maana yake ni kwamba feni inapuliza mvuke kwenye vifusi vya katikati ya ukuta. Umeutoa mvuke bafuni ukauhifadhi ndani ya nyumba. Ni lazima lipite bomba zima, bila kiungo, kutoka uso wa ndani hadi uso wa nje. Bomba la PVC la inchi nne la maji taka, linalopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, linafaa kwa feni nyingi za inchi nne. Mdomo wa feni unaingia ndani yake na uwazi mdogo unazibwa kwa silikoni. Lilazwe likiinama kidogo kuelekea nje ili maji yanayotengenezwa ndani yake yatiririkie uani. Uwazi kati ya bomba na mawe ujazwe vipande vya mawe na udongo wa chokaa na mchanga, usindiliwe vizuri, wala isiwe saruji tupu, ambayo ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na hufungia unyevu pembeni yake.

Nje kuwe na kifuniko chenye vilango vinavyofunguka feni ikizunguka na kujifunga ikizima. Miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro ndiyo inayopata mvua nyingi zaidi, na ukuta unaotazama huko usiachwe na tundu lililo wazi. Watu hupenda kuongeza wavu wa mbu. Sawa, lakini uwe wa kutoka, kwa sababu vumbi letu likichanganyika na manyoya ya taulo huuziba kabisa. Wavu wenye matundu makubwa kidogo unatosha kuzuia ndege, na vilango vikifanya kazi mbu wanabaki nje.

Ukubwa wa feni si jambo la kukusumbua sana. Uingereza, ambako nyumba za mawe ni nyingi, kanuni za ujenzi zinataka feni ya bafu inayowashwa na kuzimwa itoe angalau lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Kwa bafu letu la mfano, hewa yote inabadilika mara nne kwa saa. Feni za inchi nne za kawaida huandikwa zaidi ya hapo kwenye boksi, ila hicho ni kipimo cha feni isiyo na bomba. Likiongezwa bomba na kifuniko, kinapungua. Ukuta wa nusu mita bado ni njia fupi, feni ndogo ya kawaida ya mapanga inaumudu. Bomba likiwa la mita kadhaa kupitia darini, tafuta ile inayofungwa katikati ya bomba, yenye nguvu ya kusukuma.

Kinachofaa kulipiwa zaidi ni kizimio cha muda, kinachoiacha feni izunguke dakika 15 hadi 20 baada ya mtu kutoka. Mvuke mwingi bado upo baada ya kuzima taa. Zipo zinazojiwasha zenyewe zikihisi unyevu, na kwa masika ya huku sizipendi: hewa yote ya nje ikiwa na unyevu, hazijui kuzima. Kuhusu Luku, feni ya wati 20 ikizunguka saa moja na nusu kila siku haimalizi uniti moja kwa mwezi.

Waya upitishwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na saketi iwe na swichi inayokata umeme ukivuja. Feni iliyo chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni na ndani ya sentimita 60 kutoka ukingo wa shawa iwe na alama ya IPX4 au zaidi, kuonesha kwamba inahimili maji ya kurukiwa.

Kuna nyumba ambazo feni isifungwe kabla ya kuangalia jambo moja. Kama maji yanachemshwa kwa hita ya gesi iliyo ndani ya bafu, au sebuleni kuna mahali pa kuotea moto penye dohani kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za Arusha, au kuna mtu anayeingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, feni inaweza kuvuta moshi urudi ndani badala ya kupanda juu. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Hita ya gesi itoke bafuni, ifungwe nje. Jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba, feni iwepo au isiwepo.

Baada ya yote, madoa meusi hayaondoki yenyewe. Yafutwe kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na isikutane kamwe na ile dawa ya asidi ya kusafishia choo, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Rangi ya plastiki iliyobanduka ikwanguliwe hadi kwenye plasta. Ukuta mnene uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki mbili. Uache feni ifanye kazi, na kama unaweza kusubiri, subiri hadi miezi mikavu, Septemba au Januari. Kwenye sehemu zisizo na vigae ipigwe rangi ya chokaa au nyingine inayopitisha mvuke, baada ya kurudia kile kipimo cha karatasi ya alumini na kukuta pakavu chini yake.